Damu iko wapi? Historia ya neno la Kiingereza «injury»

Wanafunzi ambao wako katika mitihani, mukaze roho. Leo sileti mambo ya mbegu wala ya mbolea. Ninaleta neno moja tu la Kiingereza, maana wengi wenu munalazimika sasa kusoma makala za Kiingereza kwa ajili ya memwari, na neno hili linachanganya sana sisi tuliosomea Kifaransa.

Neno lenyewe ni «injury», na kitenzi chake ni «to injure». Fungua kamusi ya Kiingereza: jeraha, kuumia, kuumiza. Mchezaji wa mpira akivunjika mguu, ana «injury». Sasa fungua kamusi ya Kifaransa, karibu herufi zilezile: «injure». Hapo maana yake ni tusi. Ukimwita jirani yako mbwa mbele ya watu, umemtolea «injure». Kwa neno hili Mwingereza anatafuta daktari, Mfaransa anatafuta avoka. Na musifikiri ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu. Ni mama mmoja aliyezaa watoto wawili, kila mmoja akalelewa katika nyumba yake.

Namna gani neno moja linakuwa kidonda upande huu na tusi upande ule? Jibu liko Roma ya zamani. Lakini linatugusa na sisi hapa Kivu, hasa pale mtu anapokwenda kushtaki na swali la kwanza analoulizwa ni hili: «Damu iko wapi?»

Mama wa neno

Mama ni neno la Kilatini «iniuria». Livunje vipande viwili. «In» hapa ni ya kukana, kama «si» yetu. «Ius» ni sheria, ni haki. Kutoka huyo «ius» tumepata maneno tunayosikia kila siku katika Kifaransa: «justice», «juge», «juriste», hata «jurer», yaani kula kiapo. Basi maana ya kwanza ya «iniuria» ni jambo lisilo la haki, kitendo ambacho mtu amekifanya bila kuwa na haki ya kukifanya. Angalia vizuri: ndani ya neno hakuna damu. Hakuna mfupa, hakuna kidonda. Kuna haki, na kuna mtu aliyeikanyaga.

Linganisha na Kiswahili. Sisi tunasema kuumiza, na kuumiza kunatoka kwa kuuma. Mbwa anauma, jino linauma, kichwa kinauma. Lugha yetu imeanzia ku meno: maumivu ni kitu kinachokutafuna. «Jeraha» nalo lilitoka kwa Waarabu, na kwao ni kidonda kabisa. Lakini wanazuoni wa Kiislamu waliochunguza watu waliopokea hadithi za Mtume walichukua mzizi uleule, wakaita «jarh» ile kazi ya kuonyesha kasoro za mpokezi ili maneno yake yasitegemewe. Kumbe hata kwao, kumvunjia mtu uaminifu wake ni namna ya kumjeruhi.

Bei ya kofi

Katika miaka ya 451 na 450 mbele ya Kristo, Warumi waliandika sheria zao kwenye Mbao Kumi na Mbili. Mbao zenyewe zilipotea. Tunazijua kwa vipande ambavyo waandishi wa baadaye walivihifadhi. Kuhusu kuumiza watu, kulikuwa na ngazi tatu. Ukiharibu kiungo cha mtu na hamukupatana, na yeye akufanyie vilevile. Ukivunja mfupa wa mtu huru, lipa as 300. Kama ni mfupa wa mtumwa, lipa 150. Na kwa «iniuria» nyingine ndogo, kama kofi, lipa as 25.

As ilikuwa pesa ya shaba iliyochanganywa na bati, na zamani hizo ilipimwa kwa uzito: as moja ni pauni moja ya Kirumi, kidogo zaidi ya gramu 320. Basi kofi moja lilikuwa na bei ya karibu kilo 8 za shaba. Katika mji wa wakulima, hiyo haikuwa mchezo. Mtu alifikiri mara mbili mbele ya kuinua mkono.

Lakini sheria ilibaki palepale na pesa ikaendelea kukonda. Ilifika wakati as ikawa na uzito wa sehemu ya sita ya ile ya zamani, halafu sehemu ya kumi na mbili. Roma ikatajirika, bei zikapanda, na zile as 25 zikawa pesa ya kununulia kitu kidogo sokoni. Hapo ndipo anatokea Lucius Veratius.

Habari zake tunazipata kwa Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2 ya kisasa, naye alizitoa kwa mwanasheria Labeo aliyeishi wakati wa Kaisari Augusto. Huyu Veratius alikuwa tajiri mwenye roho mbaya, na furaha yake ilikuwa kupiga watu huru makofi ya uso barabarani. Nyuma yake alitembea mtumwa na mfuko uliojaa as. Tajiri akishapiga mtu, mtumwa anafungua mfuko, anahesabu as 25, anamkabidhi aliyepigwa. Sheria imetimizwa. Hakuna kesi. Tunaendelea na safari.

Nani kati yetu hajasikia wazazi wakisimulia mambo ya zaire? Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Mwaka 1998 franga moja ikachukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Fikiria amande iliyoandikwa kwa pesa za miaka ya 1970, halafu mtu alipe kiasi hichohicho mwaka 1993. Veratius wetu asingehitaji hata mtumwa wa kubeba mfuko.

Tena usifikiri shida yote ilikuwa pesa kupoteza thamani. Tuseme amande ni mbuzi mmoja, kama inavyofanyika bado katika baraza nyingi za vijijini. Mbuzi haanguki thamani kama franga, mimi kama mtu wa kilimo ninaweza kumtetea. Lakini mwenye mbuzi 200 angetembea na kundi lake nyuma, anapiga watu na kugawa mbuzi. Bei ikishakuwa moja kwa wote na kwa kila hali, maskini anaiona kama katazo, tajiri anaiona kama tiketi ya kuingilia.

Warumi wanaacha kuhesabu, wanaanza kupima

Gellius anasema kwamba kwa sababu hiyo mapreta, yaani wale wakubwa wa kusimamia haki, waliacha ile bei ya zamani. Wakatangaza kwamba wataweka waamuzi wa kukadiria kila «iniuria» peke yake. Aliyeumizwa aseme anadai kiasi gani, na mwamuzi apime. Apime namna gani? Aangalie tendo lenyewe, mahali lilipofanyika, na mtu aliyefanyiwa. Kofi la kujificha nyuma ya nyumba na kofi la katikati ya soko mbele ya watoto wako hayalingani, hata kama shavu limevimba sawasawa.

Mlango huo ukishafunguka, mengine yakaingia. Mwaka 81 mbele ya Kristo, sheria ya Sulla iliongeza kati ya mambo ya «iniuria» kuingia kwa nguvu katika nyumba ya mtu. Na Gaius, mwalimu wa sheria wa karne ya 2 ya kisasa, anatoa orodha ambayo mukiisoma mutafikiri anaishi nasi. «Iniuria» ni kupiga mtu ngumi ao fimbo. Ni pia kumpigia kelele za matusi hadharani. Ni kuandika maneno ya kumchafua. Ni kumfuatafuata mwanamke wa watu barabarani. Na ni kutangaza mali ya mtu iuzwe kama ya mdeni, na huku unajua hakudaiwi kitu.

Hili la mwisho linanifanya nifikirie simu zetu. Tuseme mama mmoja muuza samaki, mtu anaweka picha yake ku WhatsApp: «Huyu ni mwizi, amekula pesa za likelemba.» Siyo kweli. Kesho yake hakuna anayemkopesha samaki. Mama hana kidonda hata kimoja, lakini kwa Gaius huyu ameumizwa kabisa.

Sasa tusiwasifu Warumi kupita kiasi. Tulishaona mfupa wa mtumwa ulikuwa nusu ya bei. Kuhusu «iniuria» ilikuwa mbaya zaidi: Gaius anafundisha kwamba mtumwa mwenyewe hafanyiwi «iniuria». Akipigwa vibaya, anayehesabiwa kuwa amedharauliwa ni bwana wake. Yule mtumwa aliyebeba mfuko wa Veratius, aliyewapa wengine malipo ya makofi, angepigwa yeye angeambiwa aende zake. Neno lilikuwa pana sana kwa mambo, na jembamba sana kwa watu. Hilo tulishike, tutalihitaji chini.

Watoto wawili waligawanyika namna gani

Kutoka Kilatini neno liliingia Kifaransa cha zamani likiwa bado na mzigo wake wote: dhuluma, madhara, matusi. Baada ya mwaka 1066, Wanormandi walipoteka Uingereza, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama kule. Mpaka mwaka 1362 ndipo sheria ilitoka ikitaka kesi zisemwe kwa Kiingereza. Kwa njia hiyo ya mahakama «injury» iliingia Kiingereza katika karne ya 14. Kitenzi «to injure» kilitengenezwa baadaye kutoka kwa nomino.

Mwanzoni Mwingereza akisema «injury» alitaka kusema dhuluma, hata tusi. Pole pole neno likateremka kutoka haki kwenda mwilini, mpaka leo mtu wa kawaida akilisikia anafikiria goti na bandeji. Upande wa Ufaransa neno lilikwenda njia nyingine: dhuluma ikafifia, ulimi ukabaki. Alama ya zamani imebaki katika msemo wa Kifaransa «les injures du temps», yale mvua na miaka inavyotendea kuta na sanamu. Hakuna anayefikiri kwamba mvua inatukana.

Sisi tulirithi sheria kupitia Wabelgiji, kwa hiyo tulirithi mgawanyo wa Kifaransa. Katika Code pénal yetu ya tarehe 30/1/1940, kupiga na kujeruhi kwa makusudi kuko katika kifungu cha 46, na «injures» za hadharani ziko mbali, katika kifungu cha 75. Nyumba mbili, milango miwili. Na katika kichwa cha watu, mlango wa kwanza ndio mlango wa kweli: penye damu pana kesi, pasipo damu ni maneno ya mdomo.

Hasara na dhuluma

Wanasheria wa Kiingereza hawakusahau mama wa neno. Nitatoa kesi mbili, maana zinafundisha kuliko maelezo mengi.

Ya kwanza ni ya mwaka 1410, katika mji wa Gloucester. Mwalimu mmoja alifungua shule karibu na shule iliyokuwako. Wanafunzi wakahamia kwake, na walimu wa zamani wakalazimika kushusha malipo kutoka peni 40 mpaka 12 kwa muhula. Wakashtaki. Mahakama ikasema: hasara tunaiona, lakini «injury» haiko, kwa sababu kila mtu ana haki ya kufungua shule. Ni hasara bila dhuluma. Kwa hiyo musichukue maneno yangu kama ruhusa ya kumshtaki kila mtu aliyewashinda katika biashara ao aliyewapinga kwa hoja.

Ya pili ni ya mwaka 1703. Fundi viatu anayeitwa Ashby, wa mji wa Aylesbury, alizuiwa kupiga kura, na haki ya kupiga alikuwa nayo. Yule aliyetaka kumchagua alishinda hata bila kura yake. Basi Ashby alipoteza nini? Hata peni moja hakupoteza. Majaji wengi walimkatalia. Lakini jaji mkuu Holt alisimama peke yake akasema kwamba haki ya mtu ikizuiwa, hiyo yenyewe ni «injury», hata pasipo hasara ya pesa, kama vile kofi ni «injury» hata kama hutalipa dawa. Bunge la Malodi likampa Ashby ushindi. Mtu mdogo, fundi viatu, hana kidonda, hana hasara, mgombea wake ameshinda, na bado sheria inakubali kwamba ameumizwa. Sisi ambao tumeona watu wakirudi nyumbani bila kupiga kura kwa sababu majina hayaonekani ku orodha, hatuhitaji mfasiri wa kutueleza.

Kwa wenzangu wa kilimo, muangalie hapa: sisi tunatumia maneno hayahaya kwa namna yetu. Mwaka 1959 Stern na wenzake wa California waliandika makala ambayo imekuwa msingi wa kupigana na wadudu kwa akili, na ndani yake kuna kile kizingiti cha «injury» kinachohesabika kwa pesa. Katika somo letu «injury» ni kile mdudu anachofanya ku mmea: tundu ku jani, shina lililotobolewa. Hasara ya mavuno ina jina lake lingine, «damage». Kiwavijeshi kilichovamia mahindi yetu tangu miaka ya 2016 na 2017 kinaweza kutoboa majani ya mmea mchanga, mmea ukajirudisha, mavuno yakapungua kidogo sana. Ukitafsiri maneno yote mawili «hasara», utamshauri mkulima anunue dawa siku ambayo hakuihitaji. Jani haliwezi kudai haki, lakini somo linakaribiana: kuumizwa ni kitu kimoja, kupata hasara ni kingine, na mtu asiyevitenganisha anakosea hesabu.

Upande wa pili: damu bila «iniuria»

Mpaka hapa nimesema kwamba mtu anaweza kuumizwa bila damu. Historia yetu inaonyesha na kinyume chake, na hicho ndicho kinachotisha zaidi. Wakati wa Leopold na wa ukoloni wa Ubelgiji, chicote ilikuwa adhabu iliyoandikwa katika kanuni. Hesabu ya fimbo ilipangwa, ikapunguzwa kidogo kidogo na miaka, na ikafutwa tu karibu na uhuru wa 1960. Wazee wetu walilazwa chini, wakapigwa mbele ya wake zao, ngozi ikapasuka. Damu ilikuwako, hakuna aliyehitaji kuuliza iko wapi. Lakini karatasi ilisema yule anayepiga ana ruhusa. Kwa hiyo mbele ya sheria ile, hakuna aliyekosa.

Hapo tunarudi kwa yule mtumwa wa Roma. Damu peke yake haikumsaidia mtu yeyote. Sheria inaweza kuangalia mgongo uliopasuka na isione «iniuria», kama imeshaamua kwamba mwenye mgongo hahesabiki kati ya wenye haki. Ndiyo maana nasema swali la damu ni swali fupi. Linamwacha nje mama wa likelemba, linamwacha nje Ashby, linamwacha nje bibi kizee aliyeitwa mchawi mbele ya wajukuu wake. Na hata wazee wetu waliotoa damu ya kweli halikuwaokoa.

Maswali bora ni yale ya mapreta na ya Holt. Haki gani imekanyagwa? Nani amekanyagwa, mahali gani, mbele ya nani? Na aliyekanyaga, amande hii itamzuia kesho, ao ataitoa mfukoni akiendelea na safari? Wenye lisansi kati yetu wanaitwa mara nyingi kukaa katika mabaraza ya familia na ya mitaa, kuandika mashtaka ya majirani, kutafsiri maneno ya watu kwa Kifaransa mbele ya polisi. Siku mama akikuambia «ameniumiza» na hakuna bandeji, usiandike haraka kwamba hakuna kitu. Muulize kwanza amenyang'anywa haki gani. Wazee walishasema, heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Mguu unapona, jina linachelewa.

Namaliza na kazi ya nyumbani. Wale wanaosema Mashi, Kinande, Kirega, Kihavu, Kifuliru, Kibembe na zingine: katika lugha ya kwenu, neno la kuumiza mtu bila kumtoa damu ni lipi, na linatoka kwa mzizi gani, meno, ulimi ao haki? Andikeni hapa chini pamoja na maana yake, tuyakusanye.